Ndege Si Mwizi, Wala Si Kibarua

Katika Uganda yetu ndege amehukumiwa mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyetazama anachokula. Hukumu ya kwanza ni ya zamani: ndege ni mwizi. Hula mtama na mpunga, hutoboa mapapai, kwa hiyo afukuzwe kwa manati, kwa kelele za makopo, na ikishindikana kwa sumu. Hukumu ya pili ni mpya, nayo husomwa kwa sauti ya upole katika semina na mikutano: ndege ni kibarua wa bure. Hula wadudu wa kahawa, kwa hiyo tupande miti kadhaa ya kivuli shambani naye atakuja kufanya kazi. Na kwa kuwa shamba lenye miti linamtosha, msitu ukikatwa hapa na pale hakuna hasara kubwa.

Ninapinga hukumu zote mbili. Ya kwanza inamwonea ndege. Ya pili inamsifu, lakini sifa zake ni za hatari kuliko matusi ya ile ya kwanza, maana zinaweza kugeuzwa kisingizio cha kukata misitu. Ndege anayekula wadudu ni mwindaji mwenye njaa, na njaa yake ina masharti. Anataka mawindo fulani, mahali fulani, wakati fulani. Tusipoyajua masharti hayo tutakata miti ambayo haikupaswa kukatwa, kisha tupande mingine isiyomfaa mtu wala ndege.

Tuanze na wizi. Wengi wetu tulikutana na ndege darasani kwa mara ya kwanza katika orodha ya maadui wa mkulima, katikati ya panya na magugu. Mfano uliotolewa ulikuwa kwelea. Sikatai kwamba kwelea ni janga. Kundi lake likitua kwenye mtama au mpunga uliokomaa, jasho la msimu mzima huenda kwa siku chache. Lakini Uganda peke yake ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Kuwahukumu wote kwa kosa la kwelea ni sawa na kuwafunga abiria wote wa teksi kwa sababu mmoja wao ameiba simu.

Hata huyo kwelea ana upande ambao hatukufundishwa. Makinda yake hayaanzi maisha kwa nafaka kavu. Siku zao za mwanzo wazazi huwaletea wadudu, kwa sababu kinda linalokua linahitaji chakula laini chenye protini. Ndivyo wafanyavyo pia kwera, wale ndege wa manjano wanaoning'iniza viota vyao kwenye miti karibu na nyumba zetu na kutupigia kelele kuanzia alfajiri. Tunawaita wala nafaka, lakini watoto wao wamelelewa kwa viwavi na panzi. Mwalimu aliyetupa orodha ya maadui alitueleza mezani kwa baba pakoje, hakutueleza mama analeta nini kiotani.

Na dawa ya kwelea ni ipi? Katika nchi za Afrika Mashariki, ndege ya chuma hupita jioni juu ya mahali wanapolala ndege wa manyoya na kuwanyunyizia fenthioni. Kiswahili kwa kejeli yake kimewapa wote wawili jina moja. Sumu hiyo haichagui. Hufa kwelea, na hufa pia mwewe na bundi waliomla kwelea aliyelewa sumu. Hapo tumemuua mwizi pamoja na polisi, tukarudi nyumbani tukisema kazi imekwisha.

Kuna nchi iliyowahi kuifuata hukumu hii hadi mwisho wake. Mwaka 1958 China ilitangaza vita dhidi ya viumbe wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Kosa la shomoro lilikuwa kula nafaka. Watu walipiga ngoma na masufuria ili asipate pa kutua, mpaka akaanguka kwa uchovu. Wanasayansi waliopasua matumbo ya shomoro walikuta humo wadudu, si nafaka tu. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha, na nafasi yake ikachukuliwa na kunguni. Njaa kubwa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, hasa za kisiasa, na sitaki kumbebesha shomoro simulizi yote. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilitoa hukumu kwanza, likapasua tumbo baadaye.

Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba ndege wa dunia nzima hula tani milioni 400 hadi 500 za wadudu na jamaa zao kila mwaka, na kwamba zaidi ya asilimia 70 ya chakula hicho huliwa na ndege wa misituni. Msomaji aishike takwimu hiyo ya pili. Nitaihitaji nitakapofika kwa kibarua.

Kwanza tujiulize: tunajuaje ndege anakula nini? Zamani njia ilikuwa ya kikatili. Ndege alipigwa risasi, akapasuliwa tumbo. Baadaye watafiti wakaanza kumnasa kwa wavu mwembamba, kumpa dawa ya kumtapisha, kisha kumwachia aende. Njia hizo mbili zina udhaifu mmoja. Vichwa vya sisimizi na mabawa magumu ya mbawakawa hukaa tumboni, lakini kiwavi laini huyeyuka upesi. Ndege aliyekula viwavi kumi na sisimizi mmoja anaweza kuandikwa kuwa mla sisimizi. Siku hizi hukusanywa kinyesi chake, na DNA iliyomo humtaja aliyeliwa. Kinyesi nacho hakisemi vizuri ni wangapi walioliwa, lakini kinasema ni nani, na hilo peke yake limebadilisha mabishano mengi.

Sisi Waganda hatupaswi kushangaa kuambiwa kwamba kula kuna masharti. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali nsenene, hata mwezi wa Novemba mji mzima unapowakaanga barabarani. Ndege naye ana miiko yake, ingawa miiko hiyo imeandikwa katika mdomo, miguu na mabawa. Kigong'ota hugonga gome akitafuta funza walio ndani ya mti. Mbayuwayu hula mawindo yanayopaa, hana habari na kiwavi aliyejificha chini ya jani. Mramba hukaa kwenye tawi la wazi, humrukia mdudu anayepita, kisha hurudi palepale. Yangeyange hufuata ng'ombe malishoni na kuokota panzi wanaoruka mbele ya kwato. Wapo ndege wadogo wanaokagua majani moja baada ya jingine, juu na chini, kama karani anayehesabu karatasi. Wapo pia wasiopanda juu kabisa, wanaoishi chini penye giza na kupekua majani makavu.

Kwa hiyo tunaposema kwa mkato kwamba "ndege hula wadudu," tumesema kitu kisichomsaidia mtu. Neno letu "mdudu" lenyewe ni gunia: ndani yake tumetia kiwavi, buibui, tandu, nyuki, mchwa, na hata vijidudu vya ugonjwa. Swali la maana ni ndege yupi, mdudu yupi, na katika mti gani.

Sasa tuje kwenye kahawa, zao lililolipa karo za wengi wetu. Mmoja wa maadui wakubwa wa kahawa duniani ni mdudu mweusi ambaye urefu wake haufiki milimita mbili. Asili yake ni Afrika ya Kati, na aliripotiwa kwenye kahawa kwa mara ya kwanza Gabon mwaka 1901. Jike hutoboa tunda la kahawa, huingia, hutaga mayai, na watoto wake huila punje kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Akishaingia, dawa ya kunyunyizia haimpati kwa urahisi, na ndege hamwoni. Nafasi ya kumkamata ni fupi, pale jike anapotoka tunda moja kutafuta jingine. Hapo ndipo mdomo mdogo unapolishinda bomba la dawa, kwa sababu mdomo huo uko mtini kutwa nzima na hausubiri mkulima apate fedha.

Je, kweli ndege humla? Huko Kosta Rika watafiti walifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu ili ndege wasiifikie, kisha wakalinganisha na mibuni iliyoachwa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba ndege walipunguza mashambulizi ya mdudu huyo kwa takribani nusu. Vinyesi vilipochunguzwa, DNA yake ilipatikana kwa spishi tano za ndege. Faida kwa mkulima ilikadiriwa kuwa kati ya dola 75 na 310 za Marekani kwa hekta kwa mwaka. Na ndege wale waliokula mdudu huyo walikuwa wengi zaidi pale palipokuwa na msitu zaidi.

Atakayesema kwamba Kosta Rika ni mbali, atazame Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifanyika huko, kuanzia vihamba vya Wachaga vyenye migomba na miti mirefu hadi mashamba makubwa ya kahawa ya juani. Ndege na popo walipoachwa waingie, matunda ya kahawa yaliyoshika yaliongezeka kwa takribani asilimia 9. Nyuki na wachavushaji wenzao waliongeza uzito wa matunda kwa takribani asilimia 7. Nao wakulima wa kakao wa Sulawesi, Indonesia, walipata funzo kali zaidi: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ndege na popo walipozuiwa usiku na mchana, mavuno yalishuka kwa asilimia 31.

Asilimia 9 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu anayekunywa kahawa. Kwa bibi mwenye nusu ekari, ni tofauti kati ya mtoto kulipiwa muhula na mtoto kurudishwa nyumbani.

Pamoja na hayo, ushauri unaowafikia wakulima wengi ni uleule: safisha shamba. Nimemsikia kwa masikio yangu mtaalamu mmoja akiwaambia wakulima kwamba mti usioleta fedha ni mwizi wa mbolea. Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima. Wengine walirudi nyumbani wakakata mutuba, mti uleule ambao gome lake hutoa nguo ya lubugo, nguo ambayo ufundi wa kuitengeneza UNESCO imeuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kisha mpakani mwa shamba wakapanda mikalitusi, kwa kuwa nguzo zake zina soko. Mkalitusi ulitoka Australia. Wadudu wengi wa kwetu hawajui kuula, na palipo na wadudu wachache ndege anayekagua majani hana sababu ya kutua. Mutuba, musizi na mugavu ni miti ya hapa, yenye wadudu wa hapa na ndege wa hapa. Ukiukata mmoja wao, umeondoa kivuli pamoja na meza iliyoandaliwa tangu zamani, halafu unalalamika kwamba wageni hawaji.

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu jepesi. Kuna kidudu kingine cheusi kinachotoboa matawi ya kahawa na kuyakausha. Hapa Uganda kilionekana kwanza Bundibugyo mwaka 1993, kikaenea katika maeneo ya robusta. Wataalamu wanaeleza kwamba kivuli kizito chenye unyevu hukipendeza, na kwamba baadhi ya miti ya kivuli hukipa makazi. Kwa hiyo, wanasema, kutetea miti ni kutetea mdudu.

Hoja hiyo inathibitisha kwamba miti inahitaji kuchaguliwa na kupogolewa. Haithibitishi kwamba miti yote ing'olewe. Mtu akipata chawa hunyoa nywele, hakati kichwa. Mkulima aambiwe ni mti upi unahifadhi kidudu hicho na ni upi usiokihifadhi, matawi yenye tundu yakatwe na kuchomwa, kivuli kipunguzwe mwanga upenye. Hiyo ni kazi ya ushauri wa kina, mti kwa mti. "Safisha shamba" ni ushauri wa mtu anayetaka kumaliza mkutano mapema.

Hapo nimemtetea ndege dhidi ya wale wanaomwita mwizi. Sasa nigeuke niwakabili marafiki zake, kwa maana rafiki asiyekujua anaweza kukuuza kwa bei nafuu kuliko adui.

Marafiki hao wanasema ndege ni mfanyakazi wa mkulima. Si kweli. Ndege hana mkataba na mtu. Hula kiwavi anayeharibu jani, na hula pia buibui ambaye angemkamata kiwavi mwingine. Keremkerem hula nyuki, wale wale waliotuongezea uzito wa kahawa Kilimanjaro. Siku kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua, ndege huacha viwavi wote wa shamba akawafuata hao, kama sisi wenyewe tunavyoacha kila kitu tukakimbilia kichuguu tukiwa na beseni. Faida tunayoipata inatokana na wingi na mchanganyiko: ndege wa aina nyingi, wanaokula vitu vingi, mahali pengi. Ukipunguza aina, mahesabu ya faida yanavurugika, na hakuna wa kumshtaki kwa kutofika kazini.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba ndege wa shambani ndio walewale wa msituni. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa mashamba ya kakao ya Kameruni. Ulikuta mashamba hayo yana ndege wa aina nyingi, jambo la kufurahisha, lakini wala wadudu waliobobea, wale ambao maisha yao yamefungwa na msitu, walikosekana. Ukihesabu ndege tu, utasema shamba ni tajiri. Ukiuliza wanakula nini na wapi, utaona kwamba kundi zima la wawindaji halipo.

Mfano ulio karibu nasi ni msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Humo siafu husafiri kwa maelfu kwa maelfu wakifunika sakafu ya msitu. Mbele yao kila kitu hukimbia: panzi, kombamwiko, buibui, tandu. Kuna ndege wanaoishi kwa kuufuata msafara huo. Hawawali siafu. Wanawala wakimbizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu ndege hao walipungua sana, na sababu mojawapo ilikuwa mabadiliko madogo katika aina za siafu waliobaki. Siafu wa aina moja walipopungua, meza ya ndege ikapinduliwa, ingawa miti bado ilikuwa imesimama. Mpita njia angeutazama msitu ule na kusema uko salama.

Wengine watajibu kwamba basi tatizo ni chakula tu, na chakula kinaweza kuongezwa shambani. Hapa Kosta Rika inatufundisha tena. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliolinganisha ndege wala wadudu katika msitu mkubwa na katika vipande vidogo. Wadudu waliokuwepo na waliokutwa katika chakula cha ndege havikutofautiana kwa kiasi cha kueleza kwa nini ndege walikuwa wanatoweka katika vipande. Kilichoelekea kuwa sababu ni kushindwa kuvuka uwanda wa mashamba kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ndege aliyezoea giza la chini ya miti huliogopa jua la wazi kama mtu asiyejua kuogelea anavyoogopa ziwa. Katika milima ya Usambara, Tanzania, ndege wa aina hiyo wamefuatiliwa kwa nyavu tangu mwaka 1987, na huko nako spishi za chini ya miti zimepotea katika vipande vidogo.

Maana yake ni hii. Hata ukiandaa meza, mgeni hafiki kama umevunja daraja. Shamba lenye mutuba na musizi ni daraja zuri. Ni meza nzuri pia kwa ndege wengi. Lakini daraja linahitaji kuwa na ng'ambo, na ng'ambo ya daraja hili ni msitu.

Ndiyo maana sitaki tusahau mwaka 2007. Serikali ilipendekeza kutoa takribani hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu huo ulio kati ya Kampala na Jinja, zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili, damu ikamwagika, na watu wakapoteza maisha. Pendekezo likawekwa kando, lakini hoja iliyo nyuma yake haijafa. Hubadilisha nguo tu. Zamani ilisema sukari ni muhimu kuliko miti. Siku hizi inaweza kuja ikiwa imebeba mche mkononi: tutakata hapa, lakini tutapanda miti mashambani kwenu, na ndege watahamia huko.

Hawatahamia. Ndege wa uwanda watakuja, na wa kando ya msitu, nao tutawakaribisha. Wale wa siafu, wa majani makavu na wa giza la chini hawatakuja, kwa sababu tulichowapa si chakula chao na hakuna njia ya kukifikia. Kumbukeni ile takwimu: zaidi ya asilimia 70 ya wadudu wanaoliwa na ndege duniani huliwa na ndege wa misituni. Mabira haikuwekwa pale kuipendezesha barabara ya Jinja. Ni ghala linalowalisha wawindaji ambao baadhi yao hutoka na kuingia katika kahawa ya Mukono na Buikwe bila kumdai mkulima hata shilingi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi nadai mambo matatu. La kwanza, ushauri wa kilimo uache kusema "miti" kana kwamba miti yote ni mmoja. Mkulima atajiwe mti kwa jina, aelezwe unalisha nini na unaficha nini, kisha aachwe aamue, kwani shamba ni lake. La pili, kabla ya mtu kunyunyizia dawa ya wadudu, ajue kwamba ananyunyizia pia chakula cha yule anayemsaidia. Ziko siku ambazo dawa haiepukiki, lakini iwe ya mwisho katika orodha, na siyo ya kwanza. La tatu, mtu yeyote anayetaka kubadilisha msitu kwa mashamba yenye miti asituletee hesabu ya miche. Atuletee hesabu ya matumbo: ni ndege yupi atakula nini, wapi, baada ya yeye kumaliza kukata.

Liko pia deni letu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambazo si za pwani. Tunaweza kueleza vizuri kwamba "ndege" akiwa na manyoya huingia katika ngeli ya A-WA, na akiwa na injini huandikwa "imepaa." Lakini tukiambiwa tutaje ndege kumi wala wadudu kwa Kiswahili, wengi tutakwama kwenye wa nne. Tunawajua kwa Luganda, kwa Lusoga, kwa Rukiga, kwa sababu bibi zetu waliwajua kwa mlo wao na kwa mahali wanapolia. Maarifa hayo hayajaandikwa. Baadhi yetu tutakuwa walimu, wengine watangazaji wa redio za vijijini, na sentensi moja tutakayoisema kuhusu ndege itasikika kwa watu wengi kuliko makala yoyote ya kisayansi. Tukirudia kwamba ndege ni mwizi, manati zitaendelea. Tukisema kwamba ni kibarua, misumeno itapata kibali.

Wahadhiri wetu watuongoze basi katika kazi hii: tukusanye majina, tuwaulize wazee kila ndege hula nini na hukaa mti upi, tuyaandike kwa Kiswahili kinachoeleweka kutoka Bundibugyo hadi Bukoba. Si kazi ya wanabiolojia peke yao. Anayejua jina la ndege na chakula chake hadanganyiki kirahisi anapoletewa karatasi inayosema kwamba msitu unaweza kuhamishwa.